Sauti ya Hudson kwenye Tangi la Sagalla

SAA saba mchana, mlima Sagalla. Jua limesimama utosini na hakuna mtu njiani. Mara sauti ya mwanamume inaita kutoka kwenye tangi la maji: "Maji yamefika. Leteni mitungi."

Hakuna anayebeba mtungi. Tryphena Mghoi, anayepepeta pojo nje ya nyumba yake, anaitikia bila kuinua kichwa: "Tumesikia, Baba Shanice." Kisha anaendelea na pojo zake. Tangi ni kavu, na huyo aliyeita, Hudson Mwandawiro, alizikwa mwaka jana kwenye mteremko uo huo.

"Mwanzoni nilikuwa nakimbilia ndani nafunga mlango," anasema Tryphena. "Sasa nimezoea. Jirani akikuita, utamnyamazia?"

Mwenye uwezo wa kuizima sauti hiyo yuko chini mjini Voi, mtaa wa Kaloleni. Ni mjane wa Hudson, Mable Wakesho, 38. Katika chumba cha nyuma cha duka lake la kutengeneza simu, kompyuta kuukuu inanguruma chini ya meza. Hiyo ndiyo seva yake.

Inahudumia vikompyuta arobaini na vitatu, vidogo kama kiberiti, vinavyotumia sola kuchunga matangi ya maji kuanzia Sagalla hadi Mata. Mfumo endeshi mpya unapotoka, Mable huupakua mara moja, akaujaribu mezani, kisha akauweka kwenye seva vikompyuta viuchukue hapo.

"Kila kimoja kikijipakulia chenyewe, bando litatumaliza," anaeleza. Kila kikundi cha maji humlipa shilingi mia tatu kwa mwezi. Akishatoa za stima na bando, anasema, zinabaki za mboga.

Kazi hii waliianza wawili. Hudson alikuwa akipanda milimani kufunga vifaa, Mable akibaki na seva. Kile cha Sagalla, nyumbani kwao, Hudson alikitia sauti yake mwenyewe ili maji yakiingia tangini kiwaite majirani. Machi mwaka jana alijilaza mchana baada ya chakula, na hakuamka tena.

Tangu ukame ushike, hewa hupita kwenye bomba tupu na mfumo wa zamani hudhani ni maji. Hapo ndipo sauti huita. Mwezi uliopita Tryphena aliiamini, akateremka na mtungi, akateguka mguu. Watoto nao huikwepa njia ya tangi wakitoka shule.

Sasisho la kuondoa hitilafu hiyo liko tayari, na vifaa vingine vyote vimeshalipata. Lakini likiingia hufuta kila kitu kilichomo, na majirani wameomba sauti hiyo isirudishwe. Wanataka kengele tu.

Kwenye skrini, Mable anamwonyesha mwandishi kifaa cha Sagalla kikiuliza, kama kinavyouliza kila siku, iwapo kuna jipya. Seva inajibu: hakuna.

"Mimi ndiye niliyeiambia ijibu hivyo," anasema, macho yakiwa mezani. "Naona haya, lakini naogopa pia. Ni kama yeye anabisha hodi, nami namwambia sina kitu."

Nakala ya sauti anayo kwenye simu. Hajawahi kuifungua. "Ya simu ni ya kusikiliza tu. Ile ya kule bado inaita watu," anasema.

Wiki iliyopita alipanda Sagalla kumwomba radhi Tryphena kwa ule mguu. "Nilimwambia, Mama Shanice, mimi sina kinyongo, lakini mwache mzee wako apumzike," Tryphena anakumbuka. "Alilia, halafu akakubali."

Kikundi cha maji kimeambiwa bomba litafunguliwa Jumamosi. Mable anapanga kupanda mlima asubuhi hiyo na kompyuta mpakato, asimame kando ya tangi, sasisho likisubiri mkononi mwake.

"Nataka aite mara moja, watu waje, wateke maji kweli. Kisha nitamwachilia," anasema. "Sitaki aondoke akiwa mwongo."