Mwamba Uliokatika

Kaka yangu alinipigia simu mchana, nikiwa jikoni kwangu hapa Dixon, ughaibuni, ndege zikipita juu ya ghorofa letu. Yeye alikuwa nyumbani, kanda ya ziwa, kwenye duara, shimo la dhahabu alilochimba shambani kwa marehemu mama. Mwamba wa dhahabu aliokuwa akiufuata chini ya ardhi ulikuwa umepotea ghafla.

"Mdogo wangu, una kinyongo na mimi?"

Kwa wachimbaji wetu, ndugu wakinuniana dhahabu huhama. Nikamjibu sina, huku kimenijaa mpaka kooni. Nani alimruhusu kuchimba shamba la mama?

"Basi niulizie mpwa wangu. Si anasomea mawe huko?"

Nikamwambia nitamuuliza, kisha nitampigia tena. Binti yangu alikuza picha za shimo alizotuma mjomba wake, kisha akachukua mkate niliompakia jamu katikati. Alieleza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, nami nikamsikiliza kwa Kiswahili. Zamani za kale, alisema, maji ya moto yalipanda kutoka chini sana, yakapita kwenye nyufa za miamba yakiwa yamebeba dhahabu isiyoonekana kwa macho, yakaiacha humo pamoja na mawe meupe yanayoonekana pichani. Baadaye ardhi ikavunjika upya. Akaukata mkate, akasogeza kipande kimoja, na mstari wa jamu ukapotezana.

Nikazidi kuchanganyikiwa. Kumbe kweli dhahabu huhama?

"Ilihama, Mama. Ila haikumnunia mtu."

Mikwaruzo kwenye jiwe, akasema, inaonyesha mwamba umesogea upande wa nyumba. Hajawahi kufika kwetu. Hajui kwamba kati ya shimo na nyumba ndipo tulipomzika bibi yake.

Nilishika simu kumpigia kaka. Nikisema kweli, atachimba chini ya mama. Nikidanganya, atahangaika gizani akitafuta kisichokuwepo, na udongo hauna huruma. Niliogopa huku, nikaogopa na kule.

"Hajui, kaka," nikamwambia. "Picha hazionyeshi."

Nyuma yake nilisikia wenzake wakisemezana.

"Mimi najua mwamba ulikoelekea," alisema. "Nilitaka tu mmoja wenu aniambie nisiende."

"Basi usiende! Kaka, usiende."

"Sawa," alisema, kwa sauti ndogo. Lakini sururu ilikuwa inagonga nyuma yake, na sikuthubutu kumuuliza ni upande gani.