Kichwa Kinachosingiziwa

Mama Neema, jirani yangu hapa Bagara, ndiye aliyeniambia kwanza kwamba hospitalini kuna mshauri wa watu wenye sonona. Siku ya kwanza alipokwenda aliona aibu mbele ya foleni, akasema dirishani kuwa kichwa kinamuuma. Akarudi na dawa za maumivu na huzuni ileile. Mara ya pili alimnong'oneza nesi: "Dada, nalia tu tangu nijifungue." Nesi akamshika mkono: "Pole, mama. Twende ndani."

"Huko wanakufanya nini?" nikamuuliza.

"Wala hakuna sindano! Unaongea, mshauri hakukatizi wala hashangai. Sijapona bado, ila uji wa mtoto naukoroga bila kulia."

Vichwa vyetu akina mama vinasingiziwa mengi. Hata changu.

Kesho yake asubuhi nilimbeba mwanangu, nikamgongea jirani mlango: "Mama Neema, nisindikize hospitalini." Alikuwa ameshavaa viatu.