Namba ya Simu ya Mwalimu Baki

Wanafunzi walimwita Mwalimu Baki kwa sababu kila hesabu ya kugawanya aliimalizia na swali lilelile: "Baki ngapi?" Alipostaafu jina lilimfuata nyumbani kama paka wa jirani, naye kwa kukosa wanafunzi akaanza kuigawanya namba ya simu ya mezani.

Namba ilikuwa 4028033. Ilipishana tarakimu moja tu na ya idara ya maji, kwa hiyo mabomba ya mji yakikauka, aliyetukanwa ni mke wake, ambaye bomba lake nalo lilikuwa kavu.

"Tuikate laini hii, Mwalimu. Nimechoka kuomba radhi kwa maji nisiyoyauza."

"Mama watoto, nahisi namba hii ni tasa. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Kitu kama hicho hakikatwi ovyo."

"Unahisi, au unajua?"

Hapo alimshika pabaya. Wakapatana: ikiwa tasa, inabaki, ikigawanyika, inakatwa.

Basi kila asubuhi Mwalimu alikaa barazani na kibao na chaki. Mbili na tano zilikataa kwa kutazamwa tu. Tatu ilikataa kwa kuwa tarakimu zote zikijumlishwa huleta ishirini. Kuanzia saba ikawa jasho, namba tasa moja baada ya nyingine, na mwisho wa safari ulikuwa kabla ya elfu mbili na saba. Kigawo cha kuzidi hapo kingekuwa na mwenzake mdogo, na huyo angekwisha kuumbuka zamani. Kila moja iliacha baki. Mwalimu akaanza kunenepa.

Siku aliyomaliza 1999, kaka wa mkewe alikuja kula mchana. Ilibaki namba moja tu ya kujaribu, 2003, lakini chakula kilikuwa kinapoa na mwenye habari njema hana subira.

"Shemeji, simu hii ni tasa!"

"Pole sana," shemeji akasema, akaongeza mchuzi.

Mke akakubali kushindwa, tena kwa heshima.

Jioni Mwalimu akaijaribu ile 2003 kwa adabu tu. Ikaingia mara 2011. Baki, hakuna.

Nyumbani humo hakuna mwingine ambaye angejua. Kitambaa cha kufutia kilikuwa mkononi. Alikaa na kibao mapajani mpaka chaki ikamchafua suruali. Maisha yake yote alikuwa amewapa sifuri watoto walioruka hatua ya mwisho. Akaenda jikoni.

"Imegawanyika."

Mke akakitazama kibao, asielewe kitu. Akamtazama mumewe, akaelewa vyote.

"Si ungenyamaza tu, baba?"

"Nitanyamazaje na jibu limetoka?"

"Haya. Kesho tunaikata."

Wakaikata. Namba mpya iliishia na sifuri, na Mwalimu Baki aliipokea kama baba anavyompokea mkwe aliyeletewa bila kuulizwa.

"Na hii je?" mke akauliza.

"Hii," akasema, "inagawanyika hata bila mimi."