Halbadiri Niliyomtakia Badawi

Mie si mtu wa kusamehe, na sitaki mtu anifundishe leo. Aliyenivunjia kibao changu cha kuandikia chuoni nikiwa na miaka minane namjua kwa jina na najua anakoishi. Kwa hiyo nikiwaambia kwamba Badawi wa duka la dawa nilimtakia mabaya, mnielewe vizuri. Nilimtakia ulimi umkauke, viganja vimwote majipu, duka lake liote nyasi, na siku ya kufa akose hata wa kumpa maji. Niliyasema hayo kila nikikoroga hina yangu asubuhi, kabla sijamwamkia hata mamangu.

Kazi yangu ndiyo hiyo, kupaka hina. Naitwa Widad, wa Shela ya hapa Malindi, na mababu zetu walihamia huku kutoka visiwa vya kaskazini. Maharusi kuanzia hapa mpaka Kilifi wameshapita mikononi mwangu. Raha ya kazi hii ni kwamba mwanamke aliyepakwa hina hana pa kwenda mpaka ikauke. Kanyoosha mikono juu ya mto, kanyoosha miguu, hata pua ikimuwasha ni mpaka mtu amkune. Hapo mweleze utakalo, atalisikiza mpaka mwisho.

Nina ndugu mmoja tu, Uweis, fundi wa mashine za boti. Alikuwa akisikia mashine ikija, nayo iko mbali bado, akakwambia plagi ipi imelowa. Wenye maboti walikuwa wakimfuata nyumbani na kumngoja barazani amalize kula. Halafu mwaka juzi mashine moja ilichopoka juu ya stendi, naye badala ya kuiacha ianguke akaidaka. Kiuno kikamkatika pale pale. Hospitalini walimpa vidonge vya maumivu vya siku kumi na wakamwandikia tarehe ya kurudi.

Hakurudi. Kwa nini arudi, na Badawi yuko hatua arubaini kutoka mlangoni kwetu? Badawi huyo tumekua naye. Amekula kwetu tangu meno ya utoto, mamangu kampangusa kamasi kwa ncha ya leso yake mwenyewe. Vidonge vilipokwisha Uweis alikwenda dukani kwake, akaambiwa, "Karatasi ya daktari ya nini, bwana? Wewe si ndugu yangu?" Na huo undugu ukaenda miaka miwili, kidonge juu ya kidonge.

Mwanzo tulifurahi, maana alirudi kazini akapiga mluzi kama zamani. Kisha akaanza kusinzia tonge likiwa mkononi. Akawa anajikuna pua mpaka inatoka damu. Akichelewa kumeza, jasho linamvuja, anapiga miayo, anatukana, hata mama alimtukana, na Uweis wa zamani hakupata kumpandishia mama sauti. Spana zake zikaondoka moja moja, mwisho sanduku likabaki na kitambaa cha mafuta. Wenye maboti wakatafuta fundi mwingine.

Mama alinyamaza. Watu humwita Bi Hindu, mwanamke mpole, hajapata kugombana hata na muuza samaki. Mie nilisema kwa wawili.

Si kwamba sikujua pa kumpeleka. Nilikwenda mwenyewe hospitalini, kwenye kliniki yao ya uraibu, nikamkuta muuguzi mmoja wa kutoka bara aitwaye Linet. Alinisikiza vizuri. Akaniambia kitanda kipo, nimlete Uweis wiki hiyo hiyo, na akanionya jambo moja: "Dada, usimkatishie dawa wewe mwenyewe nyumbani. Huu ni ugonjwa, unatibiwa. Mlete kwetu tumpunguzie polepole." Nikamwambia inshallah. Nikatoka pale moyoni nikisema: kwanza Badawi, kisha Uweis. Maneno hayo hayakutoka kinywani mwa shetani, yalitoka kwangu, na niliyaona ya haki.

Nilikwenda kwa maalim wa madrasa ya mtaani kwetu, nikamwambia nataka isomwe Halbadiri. Asiyeijua, ni kisomo cha kumshtakia Mungu aliyekudhulumu, kwa majina ya watu wa vita vya Badri. Wako wasemao haifai kisheria, na wako wanaoiogopa kuliko mahakama. Mie nilitaka wale wanaoogopa. Ada yake ni kwamba hutangazwa siku kadhaa kabla ya kusomwa, ili mwenye kosa apate nafasi ya kujitokeza. Maalim hakupenda. Alinikumbusha kwamba kisomo hakichagui, kinaweza kumpata nisiyemkusudia. Nikamwambia, "Niwie radhi maalim, mie ninayemkusudia namjua." Akaandika Ijumaa, baada ya alasiri.

Sikuhitaji mpiga mbiu. Jumatatu na Jumanne nilikuwa na arusi mbili, nyumba mbili zilizojaa wanawake wenye hina mbichi. Nikawaeleza wote, mmoja mmoja, kwa utulivu, nikichora maua na majani. Sikulitaja jina. Nilisema tu, "Ijumaa anasomewa mtu wa mtaa huu, muuza dawa, anayeua watoto wa watu kwa vidonge visivyo na karatasi." Wakiwa wamenyoosha mikono hivyo, wakabaki wakiangaliana. Jumanne magharibi duka la Badawi lilikuwa limefungwa, naye kakimbilia Kakuyuni kwenye shamba la wakwe zake.

Wallahi nililala usingizi mtamu.

Jumatano Uweis aliamka mgonjwa. Kajikunja kitandani, anatapika, anatetemeka, anamwita Badawi kwa jina kama mtoto amwitavyo mamake. Nilimwekea ndoo, nikamfuta uso, na ndani ya nafsi yangu nikafurahi. Nikasema, vema, sumu ya mjinga yule inamtoka, na Linet atamkuta nusu ya kazi imekwisha. Mama alikuwa akiingia na kutoka chumbani, hakai hatulii. Mara mbili alivaa buibui akaenda mpaka mlango wa Badawi akagonga, akarudi. Nilimwona. Nikadhani anakwenda kumtukana, nikamwona kweli sasa naye kakasirika.

Alhamisi, jua la saa saba, nilisikia kitu kikianguka. Uweis alikuwa chini, kakakamaa mwili mzima, macho yamegeuka juu, povu linamtoka, kichwa kinagonga sakafu. Nilimwekea mto nikamgeuza ubavu. Ile hali ikamwachia, ikamshika tena. Majirani wakamtia kwenye tuktuk, nami nikamshikilia njia nzima nikimwambia vumilia ndugu yangu, naye hanisikii.

Linet alitupokea. Walimdunga sindano, mwili ukalegea, kisha akatugeukia mimi na mama kwenye ukumbi.

"Anatumia nini?"

"Vidonge vya maumivu," nikasema. "Miaka miwili. Vimekatika tangu juzi."

"Na nini kingine?"

"Hakuna kingine."

"Dada, vya maumivu peke yake mara nyingi havimwangushi mtu hivi vikikatika. Fikiria vizuri. Pombe? Vidonge vya usingizi?"

"Nimekwambia hakuna. Nakaa naye nyumba moja, najua kila kitu kinachoingia kinywani mwake."

Nililisema kwa ukali, na Linet akaandika. Alishageuka kurudi wodini mama aliposema, "Mwanangu, ngoja." Hakuwa akisema nami. Alimwambia Linet kwamba tangu baba afariki alikuwa akipewa vidonge vya usingizi, mwanzo kwa karatasi ya daktari, kisha Badawi akawa anampa bila karatasi. Vilipokuwa havikosekani tena nyumbani, akaanza kumtilia Uweis kwenye uji wa jioni. Mwanzo kimoja, siku hizi vitatu. Alitaka alale, asitoke nje kutafuta vidonge akapigwa na watu au akakamatwa. Mwaka mzima. Badawi alipofunga duka, vilikuwa vimebaki viwili.

Ule uji nilikuwa nikiupakua mimi mara nyingine, nikampelekea kitandani kwa mikono yangu.

"Vinaitwaje, mama?" Linet akauliza. "Nguvu yake gani?"

Mama akafungua mkoba, akatoa bahasha ndogo ya kaki. Haina jina, haina chochote, na ndani yake hamna kitu. Badawi alikuwa akimhesabia vidonge kutoka kwenye kopo.

Linet alitueleza bila kutuficha. Vidonge vya usingizi viko aina nyingi, vingine vikali mara kumi kuliko vingine. Itabidi wampe kiasi kinachokaribiana na alichozoea, kisha wakipunguze wiki baada ya wiki. Wakikisia kidogo atashikwa tena, na safari hiyo huenda asiamke. Wakikisia kingi, pumzi itasimama. Wangeanza kwa kukisia wakimchunga, lakini afadhali mno wajue. "Mtafuteni huyo aliyemuuzia," akasema.

Basi ndiyo nikampigia simu Badawi, mie niliyemfukuza mji. Aliniacha nilie kwanza. Kisha akasema kwenye simu hatamki jina la dawa yoyote, mtu anaweza kuwa anamrekodi. Atakuja mwenyewe, Kakuyuni si mbali, lakini kwa sharti: Halbadiri ifutwe, na wote walioambiwa waambiwe kwamba imefutwa.

Kuna wakati nilitaka kumwambia afie huko huko Kakuyuni. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikamwona mama kwenye benchi, kashika bahasha yake tupu, midomo inacheza, na nikajua si dua anayosoma. Alikuwa akihesabu: kesho Ijumaa, baada ya alasiri, na kisomo hakichagui kati yake na Badawi.

Nilimpigia maalim, akasema alhamdulillahi kabla sijamaliza. Kisha nikasimama karibu na mabomba ya kunawia mikono nikawarekodia sauti wanawake wote wa zile arusi mbili. "Mie Widad. Kile kisomo cha Ijumaa hakipo tena." Majibu yalianza kuingia pale pale. Mmoja akauliza kama nimeogopa. Mwingine akasema afadhali, Badawi ni kijana mzuri, nilimsingizia. Niliyasoma yote mpaka la mwisho.

Badawi alifika baada ya saa moja, kanzu safi, kanukia. Alimwamkia mama, "Shikamoo mama," kama siku zote, na mama akaitikia. Mie aliniambia, "Shukrani dada, Mungu hupenda wanaosamehe." Nilitaka kumtia vidole machoni.

Karatasi aliyoiandika siku ile ndiyo iliyomponya ndugu yangu. Hii ni wiki ya sita yuko chini ya Linet, anapunguziwa robo kwa robo, analalamika chakula hakina chumvi, na juzi aliniuliza spana zake ziko wapi. Na karatasi hiyo hiyo, nakala yake, ndiyo niliyowapelekea wakaguzi wa maduka ya dawa, wakaja wakapiga kufuli mlango wa Badawi mchana wa jua, mtaa mzima ukitazama. Napita pale kila siku hata nisipokuwa na safari. Lakini nataka mjue ilivyoandikwa.

Linet alimpa kalamu, akamwambia aandike kila alichotoa, jina, nguvu, kiasi, na tangu lini, kisha atie saini. Badawi akaandika vidonge vya maumivu bila wasiwasi. Alipofika kwenye vile vya usingizi akasita. Akanitazama mimi, si Linet, akanong'ona kwa upole mwingi, kama mtu anayenifanyia hisani.

"Hivi sikumuuzia Uweis, Widad. Nilimuuzia mama. Dawa nitamtajia muuguzi kwa mdomo, inatosha. Nikiandika nani alivichukua na nani alimnywesha, karatasi hii hujui itafika wapi."

Alijua itafika wapi. Alinijua tangu utotoni, alijua sisamehi, na alikuwa amemsimamisha mamangu mbele yake ili nisiweze kumpiga. Na aliniweza. Nilikuwa tayari kuichana karatasi ile kwa mkono wangu, nimwache aende zake na koti lake jeupe la dukani na kopo lake, auzie nyumba nyingine.

Mama aliinuka kwenye benchi. Alikuja pole pole mpaka mezani, akaiweka ile bahasha tupu juu ya karatasi, karibu na vidole vya Badawi, vidole alivyokuwa akivinawisha utotoni kabla ya chakula.

"Andika," akamwambia. "Andika nilikuwa nikimtilia kwenye uji. Anza na jina langu, kisha lako lifuate."