Jinsi Nilivyomgawa Koko

Mtu wa kwanza niliyemfahamu vizuri chini ya ngozi yake alikuwa bibi yangu. Nilimsoma kipande kwa kipande, kwa Kifaransa, mchana kweupe, juu ya mkeka karibu na dirisha la nyumba yetu ya Kabondo, na nilipommaliza alikuwa amekufa. Ndugu zangu hawapendi nikisema hivyo. Wanasema alikufa kwa uzee. Nami nimefanya kazi ya uuguzi maisha yangu yote, najua hata cheti kingeandika uzee. Lakini hapa sijazi cheti.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa na miaka kumi na minane, mmoja wa wasichana wachache wa Kisangani waliochukuliwa kusomea kazi ya kuwasaidia wauguzi, na nilijivuna kwa hilo mpaka majirani wakanichoka. Mwalimu wetu alikuwa sista wa Kizungu, mrefu, mwenye mikono baridi hata siku za joto kali. Ukutani alitundika picha kubwa ya mtu aliyechunwa ngozi yote, macho wazi, mkono mmoja umenyooshwa mbele kana kwamba anaomba arudishiwe. Tulisoma mfumo mmoja baada ya mwingine: mifupa, misuli, pumzi, chakula, kisha damu. Sista hakutaka tukariri majina kutoka daftarini. Kanuni yake ilikuwa kugusa mwili ulio hai na kutaja jina, mara tatu, bila kukosea.

"Picha haipumui," alikuwa akituambia. "Tafuteni mtu nyumbani."

Nyumbani kwetu watu walikuwepo, ila hakuna aliyetaka. Mdogo wangu ukimgusa ubavu anacheka mpaka anapaliwa. Mama alishinda akifunga kwa majani chikwangue, ile mikate ya muhogo, za kuuza. Papa alikuwa kibarua kwenye bwawa jipya la maporomoko ya Tshopo, na akirudi mgongo ulimuuma hata hakutaka kusalimiwa kwa sauti. Alibaki mama yake, koko wetu. Alikuwa ametoka msitu wa Maniema baada ya mumewe mwindaji kufariki, na hapa mjini hakuwa na kazi ila kukaa na kuwatania wapita njia.

"Kuya ujifunze juu yangu," aliniambia. "Mi niko na mifupa kuliko nyama. Utaona yote bila kupasua."

Nikaanza na mguu. Niligusa paja nikasema fémur, mara tatu, vizuri kabisa. Koko akafungua jicho moja.

"Ya nani?"

"Ya nani namna gani, koko? Si iko yako!"

"Apana. Ukiita kipande, unasema na mwenye yake. Kwetu habaache kipande wazi."

Nilijua anachosema, maana papa alikuwa ametusimulia. Kwao, mnyama akishauawa, hakatwi kimya kimya. Mmoja anagusa kila kipande na kukiita kwa sauti. Mwingine anauliza, ya nani? Jina la mwenyewe linatajwa, na kipande kinakwenda zake. Kipande kilichoitwa bila kupewa mtu hakuna anayekila, na hakuachwi mtoto karibu nacho. Nani atakuja kukichukua, papa hakuwahi kutuambia, na sisi hatukuuliza.

"Bon," nikasema, kumfurahisha tu. "Basi hii iko ya nani?"

"Ya dada yangu. Ule maji ya Lualaba ilibeba."

Ndivyo tulivyoendelea. Goti alimpa mama yake mzazi. Mifupa ya unyayo aliwagawia watoto wake wawili waliokufa wachanga, mmoja mguu huu, mwingine mguu ule, ili wasigombane. Mimi nikaona nimeokota dhahabu. Jina la Kifaransa peke yake lilinitoka kichwani kabla sijafika kona ya barabara, lakini jina lenye mwenyewe halikutoka. Darasani sista akinyoosha fimbo kwenye picha, mimi namwona dada yake koko amelowa maji, na fémur inakuja mdomoni yenyewe. Mwisho wa mfumo wa mifupa nilikuwa wa kwanza.

Juma hilohilo koko akashindwa kusimama.

Hatukushtuka sana. Magoti ya wazee ni magoti ya wazee. Tukaingia kwenye misuli. Alimpa kaka yake misuli ya mkono, yule aliyekufa akichimba njia ya reli, "sababu yake ilichoka." Siku chache baadaye kikombe kilimponyoka, na tangu hapo mama alimnywesha. Tukaingia kwenye pumzi: trachée, bronches, mapafu mawili. Hayo alimpa shangazi aliyekuwa akiimba kwenye vilio. Koko akaanza kupumua juu juu, na ukikaa karibu ulisikia kifuani mwake sauti nyembamba inayopanda na kushuka, ambayo kabla ya hapo haikuwepo. Mimi nikawa wa kwanza tena.

Najua msomaji anataka kuniuliza nini. Ndiyo, niliona. Niliona mapema kuliko nilivyowahi kukiri. Lakini alama zilikuwa nzuri, na sista alikuwa ameanza kuniita mbele niwafundishe wenzangu, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Nilijiambia ni bahati mbaya tu, nikaenda na tumbo: œsophage, estomac, foie. Alipomaliza kugawa ini, koko alisogea kidogo kwenye mkeka, kama anavyosogea mtu kumpisha mwingine akae.

"Unapisha nani, koko?"

"Bamefika. Bamekuya kuchukua."

Nilicheka. Kisha nikaweka kiganja pale alipopaacha wazi. Jua lilikuwa upande wa pili wa nyumba, na pale hapakuwa pamelaliwa na mtu tangu asubuhi. Palikuwa na joto la mwili.

Kesho yake koko alikataa chakula. Papa alimbeba kwa baiskeli hadi zahanati, na muuguzi wa pale, mtu mzima anayejua kazi yake, alimpima, akambonyeza miguu iliyovimba na kusema moyo umechoka. Alitupa dawa ya matone. Papa aliporudi na kutuambia, nilirudi nyuma kutoka kwenye mkeka, maana juma lile darasani tulikuwa tunaanza damu. Koko alikuwa amegawa kila kitu kasoro kimoja tu, na mtihani wangu ulikuwa juu ya hicho.

Sikumgusa siku tatu. Nilisoma kwa daftari, na hakuna kilichokaa. Siku ya nne, saa tisa ya mchana, mtaa wote umelala kwa joto, yeye mwenyewe ndiye aliyeniita. Sauti ilikuwa imebaki kidogo.

"Umaliziye kazi yako."

"Koko, sitaki."

"Moyo ni ya mwenye alipiga mukuki ya kwanza. Unajua desturi." Akatabasamu kwa fizi. "Koko yako mwanaume, yeye njo alinipiga wa kwanza. Uite, nimupe. Iko anangojea pa mulango."

Sikugeuka kutazama mlango. Pazia letu lilikuwa la kitambaa chepesi na siku hiyo upepo haukuwepo hata wa kutikisa jani, lakini nilisikia likigusa sakafu, likaacha, likagusa tena. Hofu ilinishika, na mimi nikiogopa huwa nakasirika. Nikamkasirikia babu ambaye sikuwahi kumwona. Nikawakasirikia wote waliokuja kwenye mkeka wetu kuchukua bila kubisha hodi. Na hapo nikapata wazo ambalo nililiona la akili sana. Wenye vipande wote walikuwa marehemu. Moyo ukipewa mtu aliye hai, hakuna atakayeuchukua, na mgawo hautaisha.

Nikaweka mkono kifuani kwake, nikasema haraka kabla hajafungua mdomo:

"Cœur. Cœur. Cœur. Iko yangu."

Aliniangalia. Nilitegemea anigombeze. Hakunigombeza, alinionea huruma, na hilo lilinitisha zaidi.

"Wewe uko muzima, mutoto yangu," alisema.

"Njo maana, koko."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho tuliyosemezana. Pazia likatulia. Nami nikatoka nje kifua mbele, nikaenda kumsaidia mama kufunga chikwangue, nikijiona nimemshinda mtu.

Koko hakufa. Nilichotaka nilikipata. Siku ya kwanza hakula wala hakusema, ya pili vilevile, ya tano vilevile. Macho yalibaki wazi, hata nzi akitua hapepesi. Miguu ikawa baridi hadi magotini, kisha hadi mapajani, mikono hadi mabegani, kwa mpangilio uleule tuliosoma, na katikati ya baridi hiyo moyo ulipiga. Nilikuwa nimefundishwa kuhesabu. Uliruka, ukakimbia, ukasimama mpaka nadhani basi, ukaanza tena. Padri alikuja akampaka mafuta. Jamaa walikuja, wakalia mapema, wakaona aibu wakanyamaza. Wanawake waliokaa naye walianza kunong'onezana kwamba mtu huyu ameshikwa. Mama akaita watu wa nyumba mmoja mmoja, kama inavyofanywa kwetu mtu akikawia njiani: mwenye neno na koko alitoe, amfungulie aende. Mdogo wangu alikiri kwamba aliwahi kumwibia sukari. Papa aliomba radhi kwa mambo ya ujana. Zamu yangu ilipofika nilisema sina neno.

Kesho yake sista alitufundisha kupima mapigo. Alipita meza kwa meza na saa yake, akishika kila msichana kwenye kifundo cha mkono. Aliponifikia mimi alihesabu, akakunja uso, akahesabu upya. Akachukua mkono wa pili.

"Unajisikia mugonjwa?" aliniuliza kwa Kiswahili chake cha misheni.

"Apana, ma sœur."

"Hii si mapigo ya musichana. Hii iko ya muzee sana."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nilijishika mwenyewe chini ya meza. Uliruka, ukakimbia, ukasimama. Niliujua ule mwendo. Nilikuwa nimeuhesabu asubuhi ileile, kwenye mkono wa koko. Juu ya ubao yule mtu asiye na ngozi alikuwa amenyoosha mkono kama kawaida yake, na mimi nikaomba ruhusa ya kwenda nyumbani.

Nilimkuta papa mkekani. Alikuwa ameacha kazi bwawani saa za kazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Amepiga magoti, mtu mzima yule, anamshika mama yake kidole kimoja cha mguu na kulia kwa sauti.

"Mama, nani anakushika?" alikuwa akimuuliza. "Nani?"

"Niko mimi, papa," nikasema.

Nilimweleza yote, tangu fémur. Nilitegemea kofi, na ningelipokea. Papa alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta uso kwa shati, na nikaona amekuwa mtu wa msituni, mtoto wa mwindaji, kitu ambacho katika mji huu wa saa na ving'ora alikuwa amekificha.

"Alors, rudisha," alisema. "Ita muzuri. Mi nitauliza."

Nikakaa upande wa kushoto wa koko. Mkono wa kulia niliuweka kifuani kwake, wa kushoto nikamshika kifundo, maana nilitaka kujua. Niliita oreillette, vyumba vya juu vya moyo, zote mbili. Niliita ventricule, vile vya chini, zote mbili. Niliita aorte, mshipa mkubwa, pole pole, nikitamka kila herufi kama sista anavyotaka, na sikukosea hata mahali pamoja, ingawa juma zima daftari lilikuwa limenishinda. Mwisho nikaita cœur. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu sauti ilikatika, ikabidi nianze upya.

"Ya nani?" papa akauliza. Aliuliza kwa sauti ya kazi, kubwa, kama wako watu wengi wanaosubiri zamu.

Nilimtazama koko. Nilitaka anipe ishara moja tu kwamba anataka kubaki, hata jicho moja. Ningesema tena ni wangu, na ningeubeba na ugonjwa wake hadi leo. Macho yake hayakuwa kwangu. Yalikuwa mlangoni, na usoni alikuwa na lile tabasamu la fizi.

"Ya koko mwanaume," nikasema.

Pazia lilijisogeza. Papa aliinama, akapisha. Chini ya vidole vyangu pigo moja lilikuja, la pili likaja kwa kuchelewa, na la tatu nililingoja. Papa ndiye aliyenitoa mkono, kidole kwa kidole, baada ya mama kuingia na kuanza kupiga yowe.

Nilikwenda kukaa nyuma ya nyumba, karibu na majani ya chikwangue. Nilijishika kifundo cha mkono. Moyo ulikuwa unapiga sawasawa, wenye nguvu, moyo wa msichana wa miaka kumi na minane asiye na ugonjwa wowote. Nilihesabu dakika nzima, nikitafuta ule mruko, kule kusita kwake, hata mara moja. Haukuwepo. Hapo ndipo nilipolia.