Nilivyoing'arisha Kengele ya Papa Tenzin

Bon, nichekeni tu, nimejitakia mwenyewe. Ninafanya usafi huku Ulaya, mtaa wa Saint-Gilles, kwa Papa Tenzin, mzee Mtibeti, mkimbizi kama mimi. Kila asubuhi anasali akitikisa kengele ndogo ya shaba kwa mkono wa kushoto. Kengele yenyewe nyeusi tii! Mimi niliyelelewa Bukavu kusugua sufuria kwa majivu hadi ujione meno ndani, ile kengele ilinikera. Nikajisemea, masikini, papa huyu hana mke wala binti, nani atamsafishia?

Ijumaa alipokwenda kwa daktari nikachukua ndimu na chumvi, nikasugua saa nzima huku nikiimba mapambio ya kanisani. Ikang'aa kama dhahabu. Nikamngojea mlangoni kama mutoto anayesubiri pipi.

"Papa, ona sasa!"

Akaishika. Akapitisha kidole polepole kwenye mpini, kisha akaunusa.

"Maman," akasema, "ule weusi ulitoka kwenye mikono ya mwalimu wangu. Alinipa kengele hii tulipoagana, akabaki kule. Sikuwa na kitu kingine chake."

Vidole vyangu vilikuwa bado vinanuka ndimu. Na nyumbani, chini ya mto wangu, kuna kitenge cha marehemu mama yangu. Tangu nitoke Bukavu sijakifua, na ole wake atakayejaribu.