Vitambaa vya Mashine ya Baba

Enzi zetu, hakuna kitu kilichoachwa uchi ndani ya nyumba. Wewe uliyelelewa Eastlands, Nairobi, miaka ya tisini unajua ninachosema. Redio ilikuwa na kitambaa chake, televisheni ilikuwa na chake, thermos ya chai ilivaa sketi, na makochi yalivishwa mgongoni, mikononi na pale pa kukalia, hata mgeni akiinuka kuaga alitoka na kitambaa kimoja kimenata kwenye suruali, na tukamkimbiza mpaka langoni kumvua. Mama zetu walifuma wakingoja maji bombani, walifuma kwenye foleni ya kliniki, na wengine ambao sitawataja walifuma wakati wa mahubiri.

Sisi tulienda mbele kidogo. Kwetu hata mashine ya kukereza vyuma ilikuwa na nguo. Na mfumaji wake mkuu nilikuwa mimi.

Baba alikuwa fundi wa karakana, kazi yake kukereza vyuma, mpaka waajiri wake walipoanza kupunguza watu. Wiki chache baada ya kupunguzwa alirudi nyumbani na mkokoteni, wanaume wanne wenye jasho, na mashine kuukuu ambayo kiwanda fulani cha Industrial Area kilikuwa kimechoka nayo. Kwa ambaye hajaiona, hicho ni kitu kama kitanda chembamba cha chuma. Upande mmoja kina kichwa cha duara chenye meno matatu, kinachobana chuma na kukizungusha mbele ya kisu. Upande wa pili kuna mkia wa kushikilia ncha nyingine, na mbele yake imepita skrubu ndefu kama mkono wa mtu mzima mara mbili. Nyumba yetu ilikuwa ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, pale Makadara, chumba kimoja na jikoni. Waliiweka chini ya dirisha, mahali pa meza ya kulia. Meza ilihamia kwa jirani na haikurudi, tukawa tunaiona tukienda kuomba chumvi.

Mpango wa baba ulikuwa atafute nafasi kwenye banda lenye umeme wa kutosha, aanze kazi yake mwenyewe. Asipopata kabla ya shule kufungwa mwezi wa nane, mashine itauzwa na sisi sote turudi ushago, kijijini Bungoma, kwa nyanya. Alisema hivyo tukila ugali na sukuma, kwa sauti ya mtu wa redio anayesoma hali ya hewa, kisha akaomba aongezewe mchuzi.

Mimi nilirudisha tonge sahanini. Lazima niseme ukweli, sikuwa mtoto wa nje. Wenzangu walicheza kati, blada, banta na brikicho mpaka mama zao wawaite kwa majina yote matatu. Safari yangu ndefu ilikuwa bombani, na huko nilienda nikinung'unika. Sasa niambiwe Bungoma. Kwa nyanya kulikuwa na bata mzinga mmoja aliyenichukia mimi binafsi. Binamu zangu wote walipita, akawaangalia tu. Nikitokea mimi, alijifutua, akanifuata mpaka chooni na kunisubiri mlangoni. Kwa hiyo mtu asiniulize kwa nini mtoto wa miaka kumi alikuwa na hamu kubwa hivyo ya kuona mashine ya kukereza ikifaulu maishani.

Maadui wa mashine ni kutu na vumbi, baba alitufundisha, na nyumbani kwetu walikuwepo wote wawili. Vumbi la Jogoo Road liliingia hata dirisha likiwa limefungwa, na sufuria ya githeri ilitoa mvuke kuanzia mchana mpaka jioni. Basi baba aliipaka grisi kila mahali, kisha tukaanza kuifunika kwa chochote tulichopata. Skrubu ndefu ilivaa mguu mmoja wa suruali yangu ya michezo, umekazwa pande zote kwa mipira iliyokatwa kutoka kwenye tyubu ya baiskeli. Ule mguu mwingine uliobaki mama hakuutupa, alisema labda mashine itakuwa na mwenzake. Mkia ulivaa mkono wa sweta ya shule. Kichwa kilivaa mfuko wa unga na kitanda chake kikalaliwa na gunia la sukari.

Mama alivumilia wiki mbili. Akina mama wa kanisa walipokuja kwa maombi ya nyumba kwa nyumba, mmoja wao aliangalia yale magunia kwa muda, akauliza kwa upole kama tunafuga kitu. Walipoondoka, mama aliketi, akavua viatu, akamwambia baba:

"Baba Nekesa, kama huyu mgeni wako anakaa hapa, atavaa kama watu wa nyumba hii."

Hapo ndipo nilipopewa kulabu ya kufumia na nyuzi za rangi tatu. Ungedhani baba angekataa. Wapi. Fundi ni fundi. Alitoa kile kifaa chake cha kupimia vyuma, akapima kichwa cha mashine pande zote, akaniandikia vipimo kwenye karatasi kama fundi cherehani anayempima bwana harusi. Nilifuma kofia siku nne. Nilipoileta, aliivalisha, akaizungusha, akaipima tena, akaivua.

"Imezidi milimita mbili. Fumua."

Nikafumua. Wenzangu huko nje walikuwa wakilia kwa kuanguka. Mimi nililia ndani ya nyumba kwa sababu ya milimita.

Lakini tulipomaliza, ndugu zangu, ile mashine ilipendeza. Kichwa kilivaa kofia nyeupe yenye malinda mekundu na maandishi ya kijani, "Karibu Mgeni". Mkia ulivaa koti lenye vishada. Skrubu ndefu ilivaa soksi moja ya mistari, ikawa kama nyoka aliyeokoka. Kitanda kilitandikwa kitambaa kirefu cha maua madogo madogo, ua moja baada ya jingine, na juu yake mama akapanga thermos, vikombe vya wageni na picha ya harusi. Shiru, rafiki yangu wa ploti ya pili, alikuwa akichungulia dirishani kila jioni, ananisalimu niaje Nekesa, kisha anauliza hiyo kitu yenu itaanza darasa la kwanza lini. Watoto wengine walidai wameiona kanisani.

Mwezi wa saba ulifika na ile baridi yake, na baba akapata mtu. Mzee Barasa alikuwa na banda la mafundi upande wa reli, na ndani yake pembe moja ilikuwa wazi. Alisema atakuja Jumapili baada ya ibada aione mashine kwa macho yake. Ikimpendeza, pembe ni yetu. Isipompendeza, kulikuwa na fundi mwingine aliyekuwa akiitaka pembe hiyo. Nilihesabu siku zilizobaki mpaka shule zifungwe, nikasikia kabisa bata mzinga akinoa mdomo.

Jumamosi asubuhi mama aliamuru vitambaa vyote vifuliwe na kutiwa wanga ili visimame wima. Wanga wetu ulikuwa uji mwepesi wa muhogo. Vitambaa vilichovywa, vikakamuliwa, vikaanikwa, na jua halikutokea siku nzima. Mchana baba aliifuta mashine grisi yote kwa parafini ili Mzee Barasa aone chuma kinavyong'aa, na mama akakubaliana naye kwa mara ya kwanza mwaka ule, maana hakutaka grisi iguse vitambaa vyake. Jioni akanituma nianue, nihakikishe vimekauka, kisha niivalishe mashine.

Nilivigusa. Mikono yangu ilikuwa baridi, vitambaa vilikuwa baridi, nani angejua tofauti. Vilikuwa vibichi, tuseme tu. Lakini wewe niambie, ni nani kati yetu hakuwahi kuvaa soksi mbichi Jumatatu asubuhi? Tulizivaa, tukatembea nazo mpaka shule, na kufikia saa nne zilikuwa zimekauka zenyewe. Kila mtoto wa mtaa alijua kwamba nguo hukaukia mwilini. Basi nikaivalisha mashine, nikavuta malinda yakakaa sawa, nikaenda zangu karibu na jiko.

Mzee Barasa alikuwa mtu mrefu, mwenye kofia ya sufu na maneno machache. Aliingia, akainama kidogo kwa ajili ya mlango, akaketi. Mama akamletea chai na mkate wa siagi, kwa sababu kwetu mgeni haongei biashara akiwa na koo kavu. Wakaongea habari za mvua, za nyumbani, za mahindi. Muda wote huo jicho lake moja lilikuwa chini ya dirisha. Mwishowe aliinuka, akasogea, akaisoma ile kofia kwa sauti ya taratibu, "Karibu mgeni," kisha akaijibu.

"Asante."

Hakuna aliyecheka. Hatukujua kama inaruhusiwa.

Baba aliondoa picha ya harusi na vikombe, akashika kitambaa cha kitandani, akavuta. Hakikuja. Akavuta tena, kikatoka na mlio wa plasta inayobanduliwa kwenye kidonda. Na pale kitandani, juu ya chuma kilichokuwa kikimetameta jana yake, palikuwa na maua. Maua ya kutu, ya rangi ya machungwa, ua moja baada ya jingine, kila petali na kila tundu mahali pake, kuanzia kichwani mpaka mkiani. Wanga ulikuwa umekamata, maji yalikuwa yamefanya kazi yake, na chuma kilikuwa kimenakili ufumaji wangu bila kuruka hata fundo moja. Nitajisifu mara moja tu: mistari ilikuwa imenyooka.

Baba alivua koti la mkia. Vishada navyo vilikuwa vimejichora.

"Ni nani alivalisha chuma nguo mbichi?" aliuliza baba, polepole.

Ningeweza kusingizia baridi. Lakini pale penye wazazi wawili na mgeni, mtoto wa ndani hana hata mahali pa kukimbilia, hajui nje kukoje.

"Ni mimi, baba. Nilidhani zitakaukia mwilini."

"Mwilini mwa nani?"

Nikanyoosha kidole kwenye mashine.

Mama aligeukia ukuta na mabega yake yakaanza kutikisika, na mpaka leo hakubali kwamba alikuwa akicheka. Baba aliishika kofia ya kichwa aivue, ikakataa kabisa. Ile ndiyo niliyoifumua na kuifuma upya kwa ajili ya milimita mbili, kwa hiyo ilikuwa imekaa barabara, na wanga ukaifunga. Akavuta mpaka mshipa wa shingo ukasimama. Macho yake yalikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukiona, na nikajua kwamba yeye pia alikuwa akiwaza Bungoma, ila si bata mzinga.

"Hebu wacha," alisema Mzee Barasa.

Alimsogeza baba kando kwa kiwiko, akashika kile kichwa na kofia yake, akakizungusha kwa mkono. Kikazunguka. "Karibu Mgeni" ikainama, ikapinduka miguu juu, ikarudi, ikapinduka tena, malinda yakipepea kama sketi ya mama kwenye kwaya. Hapakuwa na mlio. Mzee akainamisha sikio karibu na chuma, akakisukuma kwa nguvu zaidi, akakiachia. Kiliendelea kuzunguka peke yake, kimya, kikitukaribisha na kutukaribisha, na sisi wanne tumesimama tunakitazama kama watu walio kwenye matanga ya mtu aliyeanza kukohoa. Kiliposimama, maandishi yalikuwa yametulia yakiwa wima.

"Beringi ni nzima," alisema. "Hii kutu ni ya ngozi tu. Parafini na msasa, kesho imeisha." Kisha akavaa kofia yake vizuri na kumwangalia baba. "Niko na mafundi watatu pale ambao hata kufunika mashine kwa gazeti ni kazi. Wewe umeifumia. Ilete Jumatano."

Alipofika mlangoni akageuka.

"Lakini hizo nguo zibaki."

Mama hakumsindikiza. Alisema ana sufuria jikoni. Na Jumatano, mkokoteni ulipokuja na mtaa mzima ukatoka kutazama, nilimwona akificha lile koti la vishada ndani ya boksi la spana. Shiru aliniuliza kama mashine inaenda shule ya bodingi. Nikamwambia ndiyo, na nikasimama nje kuipungia mkono mpaka ikapinda kona. Ndiyo siku niliyokaa nje muda mrefu zaidi katika utoto wangu.

Siku hizi makochi yanakaa uchi na hakuna anayeona haya. Mpwa wangu alikuja juzi, akaona kitambaa juu ya televisheni yangu, akacheka mpaka akaketi. Aunty, TV inasikia baridi? Nikamtazama, na simu mkononi mwake imevaa kava la mpira lenye masikio ya sungura. Nikamwekea chai kutoka kwenye thermos yenye sketi. Yeye kava lake alilinunua tayari. Hajawahi kuwa na mtu wa kumwambia fumua.

Mashine bado iko bandani. Baba amezeeka, huenda siku moja moja kuwasumbua vijana aliowafundisha, na mimi, ambaye siendi popote, huwa naenda naye. Maua yote yaliondoka kwa msasa ile wiki ya kwanza, isipokuwa moja lililo karibu na mkia, limegeuka jeusi sasa, dogo kama kifungo, na bado unaweza kuhesabu petali zake. Nilimuuliza baba kwa nini hilo lilibaki. Akasema hakuliona.

Yule yule aliyeona milimita mbili.